Kumnunia Marehemu

Kwa miezi minne kaka yangu alikuwa kaburini, na mimi nikawa namnunia. Mimi sikujua. Nilikuwa Mbeya, yeye yuko Kalenga chini ya udongo, na ukoo mzima, kuanzia mke wangu hadi watoto wanaosoma chekechea, walijua kasoro mimi. Siku hizi wapo wanaonisifu kwamba nina moyo mgumu, nimeuweza ugonjwa. Nataka wajue huo moyo mgumu ulifanya nini.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi nilikuwa na kibanda Mlandege, Iringa mjini, nashona suti za mabwana harusi, sare za kwaya, na makoti mazito ya wazee wasiotaka kusikia habari za mtumba. Presha nilikuwa nayo tangu zamani na nikaifanya mchezo. Leo nameza kidonge, kesho nasahau, keshokutwa natangaza kuwa nimepona. Miguu ilipovimba hadi viatu vikakataa kuingia, daktari akaniambia figo zote mbili zimeshindwa kazi, na kwamba damu yangu itakuwa inasafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, mpaka nipate figo ya mtu mwingine au nife. Hakusema "au nife". Hilo niliongeza mwenyewe nilipokuwa natafuta mlango wa kutokea.

Wakati ule Iringa sikupata nafasi ya mashine, nikapata Mbeya. Mke wangu akabaki Mlandege na watoto, mimi nikapanga chumba Uyole, chenye dirisha moja na ukungu wa bure kila asubuhi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nakwenda hospitali. Siku zilizobaki nazitumia kupumzika kutokana na hizo tatu.

Watu hudhani shida ya mgonjwa wa figo ni sindano. Sindano unazoea. Shida ni kikombe. Nilikuwa naruhusiwa maji kidogo sana kwa siku, chai na uji vimo humohumo, na kila nikifika hospitali napandishwa kwenye mizani, na mizani haijui kusitiri. Sasa jaribu kuishi hivyo katika nchi yetu, ambako huwezi kumaliza salamu kabla hujawekewa kikombe mkononi. Jirani ananikaribisha chai, nakataa. Wa kanisani wananikaribisha, nakataa. Mara ya kwanza wanasema pole, mara ya pili wanasema huyu anaringa, na ukikataa mara ya tatu hakuna wa kukukaribisha ya nne. Nikaacha kwenda kwa watu ili wasipate shida ya kunikaribisha. Kwenye chakula ndiyo usiseme. Mbeya ni ndizi, parachichi na viazi, na vyote vitatu niliandikiwa kwenye karatasi ya makatazo. Viazi niliruhusiwa nikivimenya, nikavikatakata, nikaviloweka, nikamwaga maji, nikachemsha, nikamwaga tena. Ukimaliza hapo kinachobaki sahanini ni sifa tu za kiazi.

Nilikuwa mpweke. Nasema hivyo bila kuzungusha. Ilifika mahali siku nzima inaisha na sauti yangu nimeisikia mara moja tu, nikimwambia muuza duka "nipe sabuni". Nilikuwa nimenunua kitambaa kizuri cha kijivu nikitaka kushona koti kwa mkono, taratibu, kupoteza muda. Kikakaa kitandani kwenye mfuko wake wiki kumi. Naamka, nakaa ukingoni mwa kitanda, nachukua kiatu kimoja, nakishika, na saa nzima inapita nikiwa bado nimekishika. Sikuwa na huzuni ya kulia. Nilikuwa sina hamu, basi, hata ya kuvaa hicho kiatu.

Nesi wetu, dada mmoja mwenye koti jeupe ambalo mabega yake yalikatwa na mtu aliyekuwa na haraka, alikuwa na fomu yake ya kutuuliza.

"Unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

"Una mawazo?"

"Nani hana?"

Anaandika, anahamia kiti kinachofuata. Simlaumu. Nilikuwa mwongo hodari, na yeye alikuwa na watu wengi wa kuwachoma sindano. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kwamba hali ile ina jina la kitaalamu, sonona, na kwamba inawapata wengi wanaoishi kwa mashine. Kwetu tunaiita mawazo, na dawa yake kila mtu anaijua na anaitoa bila cheti: usiwaze.

Kiti cha kulia kwangu alikaa mzee wa Kisukuma kutoka bonde la Usangu. Alihamia huko na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita akitokea kaskazini, na sasa ng'ombe walikuwa na wanawe na yeye alikuwa na mashine. Alikuwa haongei. Akishafungwa mashine anavuta kofia usoni, na anapofunguliwa anasema neno moja tu, siku ya zamu inayofuata. "Jumatano, ng'wanawane." Mwanangu, Jumatano. Nami namwambia, "Jumatano, mzee." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu.

Lakini nilikuwa na kaka.

Alikuwa ananizidi miaka sita. Baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyebeba magunia sokoni mimi nikabaki shuleni, na bega lake la kushoto lilishuka kwa sababu hiyo. Najua kwa sababu koti lake nililishona mimi, na bega moja ilinibidi nilitie pamba mara mbili ya jingine ili asimame sawa kanisani. Mwezi wa pili alikuja Mbeya, akatolewa damu, tukasubiri, tukaambiwa damu zetu zinakubaliana na kwamba vipimo vilivyobaki tukavifanyie Dodoma. Tulikuwa kwenye korido. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Acha nivune kwanza, mdogo wangu," akasema. "Nikishavuna, twende."

Kuanzia siku ile maisha yangu yote yaliwekwa kwenye shamba la mahindi la Kalenga. Nilikuwa nikilala kwenye mashine nahesabu: sasa yanatoa mbelewele, sasa yanabeba, sasa yanaanza kukauka. Mvua ikinyesha Uyole nauliza kama kwao imenyesha. Sikuwahi kupenda kilimo, lakini mwaka ule nilikuwa mkulima kuliko wao.

Mwezi wa nne simu yake ikawa haipokelewi. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa maandishi: "Niko shamba, mdogo wangu, simu ina shida ya spika, nitakutafuta." Nikaridhika. Kaka yangu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuandika ujumbe zaidi ya "sawa" au "poa", sasa alikuwa anaandika na mkato anaweka. Mimi ninayeona uzi uliofumuka kwenye pindo la mtu aliye ng'ambo ya barabara, hilo sikuliona. Nadhani sikutaka kuliona.

Mwezi wa tano mke wangu alikuja kunitazama. Sauti ilikuwa imemkauka, akasema ni mafua. Nikamuuliza, kaka anaendeleaje.

"Yupo. Anakusalimia."

Akasimama akaenda kuosha vyombo ambavyo alikuwa ameviosha muda si mrefu.

Mahindi yakavunwa. Nilijua yamevunwa kwa sababu hata ya Uyole yalivunwa, na ya Uyole huchelewa. Nikaandika: "Vipi, twende lini?" Likaja jibu: "Najiandaa, vumilia kidogo." Wiki mbili baadaye, jibu lilelile. Nikaanza kuelewa, au nikadhani nimeelewa. Ameogopa. Amekaa na mkewe wakazungumza, wakaona afadhali mmoja afe Mbeya kuliko wawili. Na hana ujasiri wa kuniambia. Hapo ndipo nilipoanza kumnunia, na kununa ni kazi ya kutwa mtu akiwa peke yake chumbani. Nilikumbuka mpaka yai alilokula yeye mimi nikiwa darasa la pili.

Nikaanza kumtumia sauti kwa simu. Ya kwanza ilikuwa ya upole, nikamkumbusha kwamba ahadi ni deni. Ya pili nilimuuliza kama mwaka huu Kalenga mahindi yanavunwa punje moja moja. Ya tatu niliituma Jumapili moja ya mwezi wa nane, nimetoka kusikiliza majirani wakicheka nje hadi nikawachukia na wao. Nilisema: "Kama figo ni yako, baki nayo. Usinisubirishe kama mwehu. Ila siku ukifa, usitegemee nitakuja kukuzika."

Kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mtu anaweza kukuita mwizi na mkaja kupatana, lakini ukimwambia hutamzika umemtoa kwenye watu. Nilijua uzito wake, na nilituma. Nikakaa natazama zile alama mbili pembeni mpaka zikageuka bluu. Ameisikiliza. Siku ile jibu halikuja, wala kesho yake.

Jumatatu nilikwenda kwenye mashine. Mzee wa Usangu alipofunguliwa akasema kama kawaida, "Jumatano, ng'wanawane." Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Jumatano sitakuja, wala Ijumaa. Kujinyonga ni kitu kingine, nisingekithubutu. Mimi niliamua tu kutokwenda, kama mtu anavyoacha kwenda kwenye kikao kisichomhusu. Mpango wangu ulikuwa mfupi. Nitapanda basi hadi Iringa, nitafika Kalenga, nitamtazama kaka usoni nimrudie maneno yale kwa mdomo, kisha nitakwenda kwangu Mlandege, nilale kwenye kitanda changu, yaishe. Ajabu ni kwamba asubuhi ya Jumatano nilivaa viatu vyote viwili mara moja.

Basi liliposimama Nyololo wauzaji wakaja madirishani na maji. Nikanunua chupa kubwa, ile ya lita moja na nusu. Nikaifungua nikanywa yote bila kupumzika. Mwaka na miezi nilikuwa sijanywa maji mpaka nikashiba, na sitaki kudanganya, yalikuwa matamu kuliko kitu chochote nilichowahi kuonja. Nikanunua na soda. Mama niliyekaa naye akanitazama akasema, "Una kiu wewe baba." Nikamwambia ndiyo. Kuanzia pale hadi Mafinga nilikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtoto aliyetoroka shule na hajakumbuka bado kwamba jioni atarudi nyumbani.

Nilifika Kalenga saa kumi, kwa bajaji. Nyumba ya kaka iko mbali kidogo na barabara, na nilipofika uani nilikuwa nahema vibaya. Ubavuni mwa nyumba niliona tofali zimepangwa, na saruji mbichi, na msingi mdogo umeinuliwa kama wa ghala. Hasira ikanipanda upya. Kumbe huyu bwana anajenga. Mimi nasubiri huko, yeye anajenga ghala la kuwekea mahindi aliyoyavuna. Nikajishusha nikakaa juu ya zile tofali ili nipate pumzi ya kugombana, na nikaanza kupiga kelele nikiwa nimekaa.

"Mwiteni huyo atoke! Mwambieni mdogo wake amekuja, asiyemtaka amekuja!"

Shemeji, mke wa kaka, alitoka nyuma ya nyumba. Nywele zake zilikuwa fupi, za mtu aliyenyoa na zinaota. Alikuwa amevaa nyeusi, gauni lililoshonwa haraka, pindo halijakunjwa vizuri. Nililitazama pindo lile kabla sijamtazama usoni.

"Kamwene, shemeji," akanisalimia. "Karibu. Lakini inuka hapo ulipokaa."

"Kwa nini niinuke? Tofali zake ni dhahabu?"

"Inuka, shemeji. Umemkalia."

Sikumbuki niliinukaje. Nakumbuka nimesimama, na msalaba wa mbao ambao ulikuwa umeegemezwa ukutani ukisubiri saruji ikauke, una jina la kaka yangu na mwezi wa nne.

Alinieleza tukiwa tumesimama. Siku ile kulikuwa na mvua, kaka alipanda bodaboda kwenda mjini, ikateleza kwenye tope mbele ya lori. Walimzika siku ya tatu, amevaa lile koti nililomshonea. Kwenye msiba ukafanyika kikao. Wazee wakasema mgonjwa haambiwi msiba, presha itampanda, tutazika wawili. Mke wangu alilia akitaka niambiwe, akanyamazishwa, akaambiwa kama anataka kuwa mjane na yeye aseme. Ikaamuliwa simu ya kaka isizimwe. Shemeji ndiye aliyepewa kazi ya kujibu. Mjane, kabla nywele hazijaanza kuota, alikuwa anakaa jikoni anaandika "najiandaa" kwa jina la mumewe.

Methali inasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulificha kifo, na maradhi ndiyo yaliyotuumbua. Sisemi kwamba walikuwa na nia mbaya. Walinipenda, wakanikinga na huzuni, na huzuni ningeiweza. Walichoniachia badala yake ni kuamini kwamba ndugu yangu wa tumbo moja ameniacha nife. Hilo ndilo lililokuwa linanishika ukingoni mwa kitanda na kiatu mkononi. Hakuna aliyelihesabu kwenye kikao.

"Zile sauti," nikamuuliza. "Nani alizisikiliza?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote."

"Na ile ya mwisho?"

Alikuwa anakung'uta saruji iliyoganda kwenye kidole chake. "Ile niliisikiliza mara mbili. Ya pili nilimpa mkwe, mama yenu, asikilize, kwa sababu sikuweza kuibeba peke yangu. Mama akasema msimjibu, mtoto anaumwa."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na ningekuwa na nguvu ningekimbia. Lakini kulikuwa na swali moja lililokuwa limenileta pale, na halikuwa limezikwa. Ningeweza kuliacha. Marehemu hasemwi, na yeye alikuwa mjane wa miezi minne. Nikauliza hivyohivyo.

"Shemeji, niambie kweli. Alikuwa anakuja?"

Akakaa chini, kwenye udongo, si kwenye tofali. "Ningetaka kukufariji ningekwambia ndiyo," akasema. "Mama alinifundisha niseme ndiyo, siku ukija. Lakini nimeshakudanganya miezi minne, nimechoka. Alikuwa anaogopa. Alikuwa halali. Ananiuliza, nikifa mezani watoto atasomesha nani. Asubuhi anasema nakwenda, usiku anasema siendi. Siku ile anatoka na bodaboda hakuniambia anakwenda kufanya nini mjini. Labda kukupigia mimi nisisikie, aseme ndiyo. Labda kukupigia aseme hapana. Alikuwa hajaamua, shemeji. Mimi sijui, na wewe hutajua."

Nililia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, uani kwa watu, saa kumi na moja jioni. Nimeulizwa na mke wangu mara nyingi kama jibu lile halikuniumiza, na hapana, halikuniumiza. Lilikuwa neno la kwanza la kweli kuambiwa na mtu tangu mwezi wa nne. Na kaka niliyekuwa namjua alirudi palepale: si yule msaliti niliyemtengeneza Uyole, wala yule malaika ambaye mama alitaka nipewe. Ni mtu anayeshika kofia kwa mikono miwili kwa sababu anaogopa, na amekuja hivyohivyo kutolewa damu.

Shemeji akaingia ndani akatoka na mkeka. Akautandika kando ya kaburi, akavua ndala, akakaa, akaanza kulia kama wanavyolia siku ya kwanza. Kwetu aliyechelewa msiba hupokelewa hivyo, wenye nyumba hulia naye upya ili asilie peke yake, lakini sikutegemea kupokewa baada ya miezi minne na baada ya maneno yale. Majirani wakasikia. Wakaja wanawake wanne, watano, mikono ina unga na majani, wakakaa. Hakuna aliyeniambia usiwaze. Mama akaletwa ameshikwa mkono, akaniwekea kiganja kichwani na kukiacha hapo.

Watu walipopungua shemeji alinitazama uso, ulikuwa umeanza kuvimba.

"Leo si Jumatano? Kaka yako alizishika siku zako kuliko za kwenda kanisani. Leo si siku ya mashine?"

"Ilikuwa."

Alielewa. Nilimwona anaelewa, na nikangoja anihubirie. Akakunja kanga yake mapajani.

"Mimi mwaka huu nimeshazika," akasema. "Usiniongezee."

Ndivyo ilivyokuwa. Ningependa kusema niliona nuru au nilisikia sauti ya kaka, lakini nilichosikia ni mwanamke aliyechoka akiniomba nisimpe kazi nyingine. Na niliona kwamba ana haki. Nikasema sawa.

Alhamisi asubuhi mke wangu akaja kutoka Mlandege. Tuligombana nusu saa, ugomvi wa kweli, wa kwanza tangu niugue, kwa sababu tangu niugue kila mtu alikuwa ananikubalia. Mwisho nikamwambia sharti langu ni moja: kuanzia leo naambiwa kila kitu. Akifa mtu, niambiwe. Akifa kuku, niambiwe. Akasema sawa, na akaanza palepale, akaniambia kwamba kibanda cha Mlandege bati limevuja tangu Machi na vitambaa viwili vimeoza. Nilikasirika sana. Tukapanda basi la Mbeya pamoja, safari hii sikunywa kitu, na nilipoishiwa pumzi karibu na Makambako alifungua dirisha akanishikia kichwa nje.

Ijumaa nilipanda kwenye mizani. Nesi alisoma, akasoma tena, akanigeukia na macho makali.

"Maji yote haya umeyatoa wapi? Na Jumatano ulikuwa wapi? Unataka kufa?"

"Jumatano nilikuwa nataka," nikamwambia. "Hiyo fomu yako, kama unayo, leo niulize tena."

Akaishusha sauti. Akasema tutakaa, nikishafungwa, tutakaa tuongee, na kuna mtu wa hospitali anayeshughulika na mambo hayo, atamwita. Tulikaa kweli, siku ile na nyingine nyingi, na ninameza vidonge vya hiyo sonona mpaka leo pamoja na vile vya presha, na safari hii sisahau. Lakini hayo yalikuja baadaye. Kwanza aliuliza, huku ananifunga mkono, kwamba Jumatano hiyo nilikuwa wapi hasa.

"Nilikuwa msibani," nikasema. "Kaka yangu amefariki. Yule aliyekuja kupimwa."

Kiti cha kulia, mzee wa Usangu akaondoa kofia usoni. Miezi yote ile sikuwahi kumwona macho vizuri.

"Pole, ng'wanawane," akasema. "Amefariki lini?"

"Jumatano."

Akanyoosha mkono wake usio na sindano akanishika, akanipa pole ndefu ya Kisukuma ambayo sikuielewa hata neno, pole anayopewa mtu aliyefiwa juzi. Niliipokea yote.